Mwalimu wa Kilimo na Majina Kumi na Mawili

Dhanraj Sookhai alifundisha Sayansi ya Kilimo kwa miaka ishirini na miwili katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Couva, katikati ya Trinidad, na katika miaka yote hiyo hakwenda harusi hata moja akalitaja somo lake lote. Akiulizwa anafundisha nini, alijibu, "Sayansi," kisha akahamisha mazungumzo kwenye kriketi. Aliyezidi kumchimba aliambiwa ni sayansi ya viumbe hai. Na kwa kuwa bamia ni kiumbe hai, na kuku vilevile, Sookhai aliona hajasema uongo.

Somo lenyewe hakulichagua. Baba yake, mzee Jhagroo, alikata miwa ya watu tangu akiwa na miaka kumi na miwili mpaka mgongo ulipokataa kunyooka, na alikuwa na sala moja tu, kwamba mwanawe asishike panga. Sookhai akataka kuwa fundi mkubwa wa mitambo kiwandani, mtu wa kuvaa shati jeupe na kuwatazama wakata miwa kutoka ghorofani. Akafeli Fizikia mara ya kwanza, akaifeli na ya pili. Vyuo vitatu vikamnyamazia, cha kilimo ndicho pekee kilichomjibu barua. Akaenda, akasoma, akafaulu vizuri kuliko alivyopenda kusema, na siku ya kupewa cheti baba yake alikitazama kile cheti, akauliza kama kulikuwa na ulazima wa kwenda chuo kwa ajili ya jambo ambalo angeweza kufundishwa nyumbani bure.

Shuleni walimdharau kwa adabu, na hiyo ndiyo dharau mbaya zaidi. Aliombwa avue viatu vyake nje ya chumba cha walimu, ombi ambalo hata mwalimu wa michezo hakuwahi kuombwa, naye alikuwa anakanyaga matope yaleyale. Wanafunzi wa vidato vingine waliita somo lake Darasa la Mapanga. Walimu waliposikia walikemea, kisha wakageuka pembeni kucheka. Lakini kila muhula, vijana wa kilimo walipofikisha kuku wao wa nyama wiki ya saba kwa ajili ya mradi wao wa mtihani, walimu haohao walipanga foleni bandani na mifuko. Mwalimu Mkuu, Bi. Ursulet Philbert, hakupanga foleni. Yeye aliletewa wanne ofisini, wameshanyonyolewa, wamefungwa vizuri, na kila mara alisema kwamba hajui wangefanyaje Krismasi bila Bwana Sookhai. Kuku wa kilimo hawakuwa na harufu. Aliyenuka alikuwa mwalimu wao.

Sookhai naye hakuwa nyuma kwa kudharau. Aliwadharau walimu wa Kifaransa waliokuwa wamefika Ufaransa mara moja kwa siku tisa. Alimdharau Wendell Quamina, kijana wa Kompyuta mwenye tai ya rangi tatu, ambaye ukimwondolea mashine yake asingejua mbegu ya tikiti inazikwa kichwa juu au kichwa chini. Zaidi ya wote aliwadharau wazazi. Watu waliolelewa kwa ardhi, wakavishwa kwa ardhi, wakasomeshwa kwa ardhi, halafu wakisikia neno kilimo wanakunja pua na kushika mikoba yao. Kila mwaka, usiku wa machaguo, aliwauliza kwa sauti, "Nyumbani mnakula nini? Mnakula kompyuta?" Walicheka, wakasema kweli kabisa Mwalimu, wakaenda kupanga foleni kwenye kompyuta.

Huo usiku wa machaguo uliitwa hivyo ingawa ulianza saa kumi jioni na hakuna aliyechagua chochote. Watoto wa kidato cha tatu walipewa fomu ya kuchagua masomo manane ya kusoma miaka miwili inayofuata, yale watakayofanyia mtihani wa mwisho, na kila mtu alijua kwamba hayo manane ndiyo yatakayosema huyu anakwenda chuo kikuu na yule anakwenda kupanga makopo dukani. Ila uamuzi ulikuwa umeshapitishwa ofisini kwa Bi. Philbert, kwa rula. Mwenye wastani wa sabini kwenda juu alipendezwa na sayansi. Mwenye hamsini kwenda juu alivutiwa na biashara. Mwenye arobaini alikuwa, kwa mujibu wa fomu, na mapenzi makubwa ya kilimo. Mzazi alikuja na nguo zake za kanisani au za hekaluni, akazunguka ukumbini meza kwa meza, akatia saini mbele ya mwalimu wa kila somo, na mwalimu naye akatia yake. Ilikuwa sherehe nzuri. Walioolewa bila kuulizwa wangeielewa.

Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya kampuni ya sukari kufunga milango na kuacha miwa ijiotee yenyewe, Bi. Philbert alimwita Sookhai ofisini.

"Bwana Sookhai, kaa. Au simama tu, kiti kimetoka kufutwa."

Sookhai akasimama.

"Somo likiwa na wanafunzi chini ya kumi na wawili, mwaka huu tunalifunga. Si mimi, ni wakubwa. Kompyuta ina wanafunzi hamsini na wawili na vyumba viwili. Wewe una bustani nzima na watoto saba."

"Saba wa mwaka jana, Madamu. Mwaka huu sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Tisa. Wazazi siku hizi wanakataa hata ninapowaambia mtoto ana kipaji."

"Na bustani?"

"Walimu hawana pa kuegesha magari," alisema Bi. Philbert, akafungua faili jingine.

Sookhai alitoka pale na hasira iliyompeleka mpaka bandani bila kuona njia. Kama somo lingefungwa, yeye asingefukuzwa kazi, hapana, walimu hawafukuzwi. Angepewa Maarifa ya Jamii. Angewafundisha watoto wa kidato cha kwanza majukumu ya baba katika familia, kutoka kwenye kitabu chenye picha, mpaka astaafu. Alikuwa na siku kumi na mbili za kutafuta majina matatu.

Basi mtu aliyeona aibu kulitaja somo lake harusini akaanza kulibeba mlango kwa mlango. Jioni, baada ya kazi, alivaa shati safi akaenda kubisha. Mama mmoja muuza majimbi sokoni, Merle Baptiste, alikubali mjukuu wake asome kilimo, kwa sababu mjukuu alikuwa ameshavunja vifaa viwili maabara na alitakiwa mahali pasipo na vioo. Hilo likawa jina la kumi. Wengine walimpa chai, walimpa pole, walimpa salamu kwa mkewe. Quamina alipata habari za safari hizo na kumsubiri kwenye varanda ya shule.

"Mzee wangu, nasikia unatembeza kilimo kama mikate ya dengu. Chema chajiuza."

"Na kibaya chawekewa kiyoyozi," alijibu Sookhai. Jibu lilikuwa zuri, akalirudia moyoni siku nzima, lakini halikumpa jina hata moja.

Jumatano alifika kwa Lalchan. Huyu aliendesha trekta la kampuni ya sukari kwa miaka ishirini na sita. Kampuni ilipofunga aliahidiwa ekari mbili, akachoka kuzingoja, akakodi moja kwa mjomba wa mkewe na kupanda pilipili. Binti yake Roshni alikuwa kidato cha tatu, na wastani wake wa hamsini na nane ulikuwa unamkokota kuelekea biashara. Lalchan alimkaribisha Sookhai chini ya nyumba yake iliyoinuliwa juu ya nguzo, kwenye machela iliyotundikwa hapo, akamletea roti na kiazi.

"Sema, Mwalimu. Roshni kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nataka asome kilimo."

Lalchan alicheka kwa muda mrefu, bila ubaya, mpaka Sookhai akalazimika kutafuna ili apate la kufanya.

"Mwalimu, mimi nimeshachafuka. Nikiingia benki, msichana anaangalia kucha zangu kabla ya kuangalia karatasi. Unataka na mwanangu aangaliwe hivyo?"

"Hayo ni ya zamani. Kilimo sasa ni sayansi. Akifaulu hiki pamoja na Biolojia, kuna chuo kikuu pale St. Augustine, kuna shahada, kuna kazi za maabara. Mtu anavaa koti jeupe. Hao watu wa kompyuta wako hamsini na wawili, Lalchan. Wote hamsini na wawili wataajiriwa na nani? Na dharau hii tumeitoa wapi? Ardhi imetulisha, sisi tunaitemea mate. Nikikuuliza nani alikujengea nyumba hii, utasema nani?"

Alisema vizuri. Alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema darasani, na alipokuwa akisema aliamini kila neno. Lalchan aliacha kucheka. Alimtazama kama mtu anayetazama gari analofikiria kulinunua.

"Binti yako si yuko darasa moja na Roshni?"

"Ndiyo. Sarika."

"Yule wa themanini na moja."

"Huyo."

"Yeye anachukua nini?"

"Fomu bado iko kwake," alisema Sookhai.

"Basi tufanye hivi, Mwalimu. Nitasaini baada yako. Ukishamwandika wako, namwandika wangu, palepale, hata kalamu nitaazima yako."

Wakapeana mikono. Sookhai aliendesha gari kurudi nyumbani akiwa na majina kumi mfukoni na mawili kwenye ahadi, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa limelala chumba cha pili kutoka chake. Mtu mwingine angepiga mluzi njia nzima. Yeye alizima redio.

Maana Sarika alikuwa ameshaweka alama. Fomu ilikuwa mezani tangu Jumapili, imejazwa kwa wino wa bluu kwa mwandiko wake ulionyooka. Biolojia, Kemia, Hisabati, Kiingereza, Kihispania na mengine. Kwenye safu ya sita, ambapo Kompyuta na Kilimo vilipangwa saa ileile na mtu hawezi kuchukua vyote, alama ilikuwa kwenye Kilimo. Msichana huyu alianza kumfuata baba yake bandani akiwa na miaka tisa. Alikuwa akimgundua kifaranga mgonjwa siku mbili kabla ya baba yake, kwa jinsi anavyosimama, na likizo moja aliokoa vifaranga mia moja kwa kumgombeza mlinzi aliyezima taa za joto. Hakuna kitu Sookhai alichofundisha kidato cha nne ambacho Sarika hakukijua akiwa kidato cha kwanza.

"Baba, unahitaji wangapi?" aliuliza siku hiyo, akimwekea chakula.

"Kumi na wawili."

"Unao?"

"Kumi. Lalchan anasema atasaini baada yangu."

"Kumi na moja, na mimi. Imekwisha. Kula."

"Wewe una themanini na moja, Sarika."

"Kwa hiyo kilimo ni cha wenye arobaini?"

"Sijasema hivyo."

"Kila siku unamwambia Bi. Philbert si cha wenye arobaini. Nimekusikia kwa masikio yangu, ukipiga meza."

"Futa hiyo alama, weka Kompyuta. Kuku utawafuga siku yoyote."

"Nimeandika kwa wino. Na sifugi kuku, nataka kusomea magonjwa ya mimea. Nikichukua Kilimo sipotezi kitu, Biolojia ninayo, Kemia ninayo. Nionyeshe ninachopoteza."

Hakumwonyesha, kwa sababu hakikuwepo. Mkewe, Chandroutie, aliyekuwa akishona sare za watu kwenye cherehani pembeni, alikata uzi kwa meno.

"Baba Sarika, miaka kumi na saba nafua suruali zako za mavi ya kuku. Sikuwahi kuona kinyaa. Kumbe mwenye kinyaa ni wewe."

"Nani kasema kinyaa? Nasema mtoto ana akili."

"Na wale kumi?" aliuliza Sarika. "Wana nini?"

Sookhai alisema chakula kina chumvi. Hakikuwa na chumvi.

Alhamisi ya machaguo ilipofika alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya dada yake wa mwisho, na kwapani ilimbana. Meza ya Kilimo, kama kila mwaka, ilikuwa mwisho wa ukumbi karibu na mlango wa choo, ili kwamba mzazi aliyefika pale awe amepotea au amebanwa. Alipanga pilipili, bamia, bilinganya na fungu la mchicha, na jogoo mmoja mwekundu ndani ya kizimba. Wazazi walikuja. Walichukua pilipili, wakauliza kama kuna ndimu, wakampapasa jogoo kifua kwa jicho, wakaondoka na mchicha. Foleni ya Kompyuta ilitoka ndani ya maabara yenye kiyoyozi mpaka uwanjani, na nusu ya watu pale walikuwa wanafuata baridi. Akina mama waliotoka mle walijifunga shali kwa madaha, kana kwamba wametoka Kanada.

Mpaka saa kumi na moja na nusu wote kumi walikuwa wamesaini. Sookhai aliwatazama walivyoinama mmoja mmoja juu ya karatasi. Baba wa kwanza aliuliza, "Hapa ndipo mnapowaweka?" Wa tatu hakuuliza chochote, alitia saini kama mtu anayepokea maiti. Watoto wenyewe walisimama wakiangalia sakafu. Mmoja alimkonyeza jogoo. Sookhai aliwaambia wote kwamba wamechagua vizuri, na alipokuwa akiwaambia alijiona jinsi alivyo, mchuuzi wa kitu ambacho mwenyewe asingenunua. Akalifukuza wazo hilo kama inzi. Lilirudi kama inzi.

Lalchan alifika saa kumi na mbili kasoro, na Roshni, wote wamepaka mafuta nywele. Hakukaa. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, akitazama mlango.

"Nakusubiri wewe tu, Mwalimu."

Kisha wakaingia Chandroutie na Sarika. Walishazunguka meza zote, fomu ilikuwa imejaa saini, imebaki safu moja. Sarika aliiweka mbele ya baba yake juu ya orodha ya majina, akainyoosha kwa viganja. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anamjua baba yake, au alidhani, na alijua kwamba nyumbani ni nyumbani, lakini hapa, mbele ya watu, kwa ajili ya bustani yake, hatashindwa.

"Mzazi hapa," alisema, "na mwalimu hapa. Utasaini mara mbili."

Chandroutie alinyoosha mkono. "Nipe kalamu, nisaini mimi ya mzazi."

"Ngoja," alisema Sookhai.

Bi. Philbert alikuwa amekaribia, akipita meza kwa meza na faili lake. Quamina alikuwa nyuma yake, ametoka maabara kupasha mwili joto. Bi. Philbert aliitazama fomu, akainua nyusi.

"Sarika? Themanini na moja?" Aliangalia safu ya sita. "Maskini. Hii ni kwa ajili ya kujaza idadi?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na huruma ya kweli usoni. Sookhai angeweza kuvumilia ubaya, alikuwa na mazoezi nao miaka ishirini na miwili, lakini huruma hakuwahi kuizoea. Aliona jina la Sookhai chini ya yale majina kumi, chini ya mvunja vioo na mkonyeza jogoo. Aliona wakwe wa kesho wakiuliza binti anasoma nini. Alimwona mzee Jhagroo na cheti mkononi. Hapo hapo, bila kumtazama mtu, alichukua kalamu, akaikata alama ya bluu ya binti yake kwa mistari miwili, akaweka nyingine kwenye Kompyuta, akasaini mahali pa mzazi. Saini yake ilikuwa nzuri siku zote.

"Alikosea kujaza," alimwambia Bi. Philbert. "Mtoto huyu ni wa sayansi."

Tukisema ukweli, mistari ile miwili ilinyooka. Watu wa namna hii huwa tunawatafutia visingizio, tunasema alizidiwa, alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili Dhanraj Sookhai alisema hadharani anachofikiria kuhusu kazi yake, na alikisema kwa mwandiko unaosomeka.

Quamina aliichukua fomu, akaigeuza upande wake, akasaini mahali pa mwalimu. Sarika aliendelea kutazama mahali fomu ilipokuwa imelala.

Lalchan alitoa mikono mgongoni. Alichagua pilipili moja kutoka mezani, akainusa, akairudisha mahali pake, na kati ya wageni wote wa siku ile ndiye peke yake aliyerudisha.

"Ahsante, Mwalimu," alisema. "Jana nilikaribia kukuamini, na nilishaanza kuwaambia watu." Akamshika Roshni bega, wakaenda kwenye meza ya biashara.

Bi. Philbert aliandika kumi kwenye faili lake, akapiga mstari chini.

Gari lao lilisimama kwenye taa nyekundu ya barabara kuu. Chandroutie alikuwa mbele na kizimba cha jogoo mapajani, kwa maana hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

"Baba," alisema Sarika kutoka nyuma, bila hasira, kama mtu aliyekuwa akipiga hesabu ikamjia. "Miaka yote hii nilidhani wanaokudharau ni wao."

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi mara mbili kabla hajaondoka.

Septemba bustani ilishindiliwa kokoto, ikachorwa mistari myeupe. Sookhai alipewa nafasi namba tisa, mahali palipokuwa kitalu cha pilipili, na aliegesha pale kila asubuhi, akaingia kidato cha kwanza kufundisha majukumu ya baba katika familia. Viatu vyake sasa vilikuwa safi, akaruhusiwa kuingia navyo. Walimu walilalamika bei ya kuku madukani. Harusini, akiulizwa anafundisha nini, alijibu, "Maarifa ya Jamii," lote, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Sarika alisoma Kompyuta kwa miaka miwili, akapata alama ya juu kabisa, akaleta karatasi ya matokeo nyumbani na kuiweka juu ya friji. Kila Jumamosi, tangu wiki ya kwanza ya kidato cha nne, alipanda baiskeli kwenda shamba la Lalchan. Majirani walimwona barabarani na buti na kofia ya majani. Sookhai aliwaambia kwamba anamsaidia Lalchan kutengeneza kompyuta. Lalchan hakuwa na kompyuta. Hata simu yake ilikuwa ya waya.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kabla matokeo hayo hayajatoka, Sookhai alipita njia ile na gari akaona watu wawili wameinama katikati ya shamba. Aliegesha kando ya mfereji. Kutoka pale barabarani aliona kwamba mistari miwili ya pilipili imelegea majani, mabichi bado lakini yananing'inia, na aliona glasi ya maji juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kipande cha shina kimening'inizwa ndani yake, na uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini kutoka kwenye shina. Kipimo hicho cha mnyauko wa bakteria alikifundisha miaka ishirini na miwili. Alishuka, akaruka mfereji na viatu vyake safi, akafika ameishiwa pumzi.

Lalchan alinyanyua uso. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, shamba lilikuwa ndilo mfuko wake.

"Mwalimu. Umefika wakati mzuri. Hii mistari miwili inanyauka na maji naimwagia. Wewe ungefanyaje?"

Sookhai alifungua mdomo. Alikuwa na yote, ng'oa, choma, usipitishe jembe lile kwenye mistari mingine, geuza mfereji, panda mahindi hapa misimu mitatu. Lilikuwa swali la kwanza la kilimo aliloulizwa na mtu tangu ule usiku.

Sarika alikuwa amepiga magoti, anang'oa shina la tatu na mizizi yake, taratibu, udongo usimwagike. Rundo la kuchoma lilikuwa tayari pembeni. Mfereji wa juu ulikuwa umeshazibwa.

"Usimsumbue, Mzee Lalchan," alisema, bila kugeuka. "Huyo anafundisha Maarifa ya Jamii."

Lalchan alimtazama Sookhai, akangoja kidogo, kwa heshima, kama kuna mtu atakayekanusha. Akainama tena kushika shina lililofuata kwa namna alivyoelekezwa, na Sookhai akauruka mfereji kurudi garini.